Aliyekaa Shingoni mwa Rasema

Kila asubuhi mto wa kulalia wa Rasema ulikuwa na mabonyeo mawili, naye alikuwa na kichwa kimoja. Mumewe alikuwa Ujerumani akijenga nyumba za watu. Mwanawe Zerina, wa miaka sita, alilala chumbani kwa bibi yake. Rasema aliukung'uta ule mto, akaenda zake kiwandani kushona viatu.

Shingo ilikuwa ikimuuma tangu msimu wa ajvari, zile pilipili nyekundu za kuchoma wanazozihifadhi kwenye machupa kungojea baridi. Maumivu yalianzia kisogoni, yakashuka begani, yakaingia mkononi mpaka mkasi ukawa unamponyoka.

"Upepo umekupiga," alisema mama mkwe wake, Nefisa, ambaye nyumbani kwake madirisha mawili hayakufunguliwa pamoja hata wakati wa joto. "Unatoka nje na nywele mbichi! Nyinyi wa siku hizi mnadhani shingo ni za chuma."

"Si upepo, Mama. Ni kama mtu amenikalia."

Nefisa akaacha kukoroga kahawa. "Yale maji ya moto uliyochemshia machupa, uliyamwaga wapi?"

"Chini ya upenu."

"Jua limezama?"

"Lilikuwa linazama."

"Ukasema bismillahi?"

Rasema aliinamisha macho. Huko kwao hata mtoto anajua kwamba majini, hao wanaoitwa wenyewe, hutandika chakula chao chini ya upenu saa ya magharibi, na anayewamwagia maji bila kutaja jina la Mungu amewaunguza wakila.

"Ee masikini, mwanangu," Nefisa akanong'ona. "Sasa sikiliza. Asubuhi utakwenda kwa daktari wako. Alasiri tutakwenda kwa Bibi Zumra akumwagie risasi iliyoyeyushwa, amtoe huyo aliyekukalia. Asipokufaa huyu, atakufaa yule."

Hospitalini Daktari Vedad alimlaza kifudifudi, akampaka dawa baridi kisogoni.

"Nachoma kando ya mishipa ya fahamu inayopeleka habari ya maumivu kichwani," alisema. "Tukiizima hiyo, shingo itanyamaza."

"Na kinachouma kitakwenda wapi, daktari?"

Daktari akacheka. "Hakiendi popote, dada. Ni wewe tu hutakisikia."

Sindano ilipozama, chumba kilijaa harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. "Mnasikia harufu hiyo?" Rasema aliuliza. "Ni spiriti hiyo, mama," nesi akamjibu. Kisha nyuma ya sikio lake mtu alivuta pumzi ndefu, kama anayeamka kitini, na ule uzito wote ukanyanyuka. Rasema akalia kwa furaha. Zerina, aliyekuwa akingoja na bibi yake nje ya mlango, alimrukia mama yake, na ndani ya basi akalala njia nzima, paji la uso limeegemea bega lile lenye ganzi.

Bibi Zumra alimkalisha Rasema mlangoni, akamfunika kitambaa chekundu, akayeyusha risasi katika upawa. Zerina alikuwa uani na paka.

"Nionyeshe anapokaa," alisema yule mganga. "Weka kidole panapouma."

Rasema alijipapasa kisogo, bega, mkono. "Hapaumi popote, Bibi."

Risasi ilimwagwa juu ya kichwa chake ndani ya bakuli la maji. Haikulia. Ilitulia laini, bila pembe, bila umbo la aliyemkalia.

"Hayupo," alisema Bibi Zumra.

"Alhamdulillahi!" Nefisa akapiga makofi.

"Usishukuru, wewe! Mimi sijamtoa. Nani kamtoa?"

Walipomweleza habari za sindano, bibi yule aliuweka chini upawa. "Huyo anakula maumivu. Angekuwa bado amekaa kwako, ningemshika hapo hapo alipo; akishahama hashikiki. Nyinyi mmemzimia jiko, naye halali na njaa. Nani alikugusa hapo penye ganzi?"

Rasema alikuwa amekwisha simama, kitambaa chekundu kikimdondoka mabegani, na kwenye mlango wa uani alikuwa amesimama Zerina, kichwa kimelala upande kama ua lililovunjika shina, mkono mmoja ukining'inia, na nyuma yake ile harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji ikiingia polepole, ikijaza nyumba, ikifunika harufu ya kahawa na ya risasi ya moto.

"Mama, mwambie ashuke," mtoto alisema. "Ananilemea."

Mara nne Bibi Zumra alimmwagia mtoto risasi, na mara nne ilitoka na umbo lile lile la mtu aliyechutama, wala haikumwondoa. Rasema alimpigia simu daktari, akimsihi arudishe maumivu yake, au amchome mtoto sindano ile ile. "Ganzi itaisha yenyewe, dada," alijibiwa. "Na ile sindano hatuwachomi watoto."

Ganzi iliisha. Vidole vilirudi, baridi ya ukuta ikarudi, sufi ya sweta ikamwasha tena begani. Rasema alikaa akiyangoja maumivu kama mtu anayengoja mgeni wa mbali, akiyaita kwa jina la Mungu, akiinamisha shingo yake wazi. Hayakuja.

Zerina alikuwa amelala mapajani mwake, macho wazi.

"Mwambie arudi kwangu," Rasema alinong'ona. "Mwambie mama yako ndiye aliyemuunguza."

Mtoto alitega sikio kidogo, kisha akatikisa kichwa kwa shida.

"Hataki. Anasema wewe umeshakuwa mtu mzima. Mimi bado nina miaka mingi mbele yangu."