Debe Lililopumua

Lile debe lilipanda lenyewe.

Rukiyo aliliona baada ya sala ya alasiri, wakati joto lilipokuwa limewalaza wagonjwa wote kama nguo zilizoanguka kutoka kwenye kamba. Hakuna mdomo uliokuwa kwenye bomba la mpira. Bomba lenyewe lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wake ukutani. Hata hivyo debe liliinuka polepole kutoka majini, likakaa juu kidogo, likashuka, na maji yakatoa sauti ya mtu anayemeza mate.

"Dagane," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo uone."

Dagane, dresa wa kufunga vidonda na mkalimani wa daktari, alikuja akijifuta mikono. Debe lilikuwa limetulia.

"Nione nini?"

"Limepumua."

"Na mimi jana nimekunywa chai na ngamia wa gavana. Kalale, abaayo, dada yangu. Jua limekuingia kichwani."

Hiyo ilikuwa Garissa, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mwaka ambao mvua zilikosa mara mbili mfululizo. Daktari mmoja Mzungu, jina lake Pelling, alikuwa amekodi nyumba ya mawe nyuma ya soko ili kuchunguza pumu. Alikusanya wagonjwa kutoka Balambala hadi Ijara. Aliwaambia kwamba njia zao za pumzi zimevimba kwa ndani kama jicho lililoumwa na nyuki, na kwamba amekuja na vidonge vipya vya kutuliza uvimbe huo. Baadhi yao wangepewa vidonge hivyo. Wengine wangepewa vidonge vya chokaa vinavyofanana navyo, na hakuna ambaye angeambiwa amepewa kipi. Ndivyo dawa inavyojaribiwa, alisema. Kila asubuhi mgonjwa alipuliza kwenye bomba, na debe lililopinduliwa ndani ya pipa la maji lilipanda kadiri ya pumzi yake.

Rukiyo alikuwa pale kwa ajili ya Dubow, mdogo wake wa miaka saba. Kifua cha Dubow ndicho kilichomtoa shule. Mama yao, Hawo, alisema mbuzi hawawezi kungoja na mtoto hawezi kuachwa, basi kitabu kitangoja. Kitabu kilikuwa bado kinangoja.

Hakujali sana, mradi mtoto apone. Lakini Dubow hakuwa akipona.

"Nikipuliza," alimwambia dada yake siku ile ya debe, akishika ukingo wa shuka, "kuna mtu upande wa pili anavuta."

"Mtu gani?"

"Sijui. Anavuta kwa nguvu. Mzee Abkul naye alimsikia."

Mzee Abkul alikuwa mchunga ngamia kutoka Hulugho. Alikuwa amefia kwenye kitanda cha kona, na kila mtu mle ndani aliijua pumzi yake: mluzi mrefu, vikohozi viwili vidogo, kisha "Ya Rabbi". Mchana na usiku, mluzi, vikohozi viwili, Ya Rabbi.

Jioni ile, adhana ya magharibi ilipokwisha, Rukiyo alisikia mluzi. Alidhani ni Dubow, akamwekea mkono kifuani, lakini haukuwa wake. Ulitoka kwenye pipa. Mluzi mrefu, halafu vikohozi viwili vidogo, halafu kimya. Alingoja lile neno lililobaki, nywele zimemsimama, wala halikuja. Kitu kile kilijua kila kitu cha Mzee Abkul isipokuwa jina la Mungu.

Hapo akaelewa kosa lilikuwa wapi. Nyumbani kwao hakuna chombo kinachoachwa wazi magharibi. Maziwa hufunikwa, maji hufunikwa, na anayefunika husema Bismillahi, kwa sababu saa ile wasioonekana wanatafuta pa kukaa. Pipa la daktari lilikuwa limekaa wazi tangu lilipoletwa, na ndani yake watu walikuwa wakimwaga pumzi zao siku baada ya siku.

Alivua shungi yake, akalifunika, akasema Bismillahi. Asubuhi daktari aliitoa kwa vidole viwili.

"Kitambaa hapana. Debe nataka panda bila kitu juu yake."

Rukiyo alimweleza Dagane kila kitu ili atafsiri. Dagane alikuna shingo, akasema maneno machache ya Kiingereza.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba unaogopa vumbi."

"Dagane!"

"Nimwambie chombo chake kina jini, anifukuze kazi? Utanioa wewe unilishe?"

Basi akaenda kwa Sheikh Kulow, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyejulikana kwa kusomea wagonjwa. Sheikh alisikiliza, akakubali kuja, na papo hapo akaagiza chetezo na ubani.

"Adeer, ami yangu, moshi hapana," Rukiyo alisihi. "Moshi unamfunga kifua. Nyumbani tulimfukizia akageuka rangi. Na daktari amesema atakayetumia dawa nyingine ataondolewa."

"Basi mpeleke kwa daktari wako."

"Daktari naye hataki kusikia!"

Alirudi akipiga mawe teke njiani. Yule anasema kitambaa hapana, huyu anasema bila moshi hakuna dawa, na katikati yao mtoto anahesabiwa mbavu. Kila mtu alikuwa na amri, hakuna aliyekuwa na sikio. Alilia kwa hasira, akajifuta kabla Dubow hajamwona.

Jioni iliyofuata daktari alialikwa chakula kwa wakubwa wenzake, na Hawo alikuja na maziwa. Jua lilipogusa paa za soko, Dubow alikaa ghafla kitandani akishika koo, na debe likaanza kupanda. Lilipanda bila bomba, bila mdomo, likipanda yeye anavutwa pumzi na likishuka hapati kuirudisha, na harufu ya maziwa yaliyochacha na jasho la homa ikajaa chumba, na kutoka vitanda vyote miluzi ikaitikia pamoja kana kwamba wagonjwa wote walikuwa na kifua kimoja, na chini ya miluzi hiyo kulikuwa na vikohozi viwili, vikohozi viwili, vikizidi kukaribia, hadi midomo ya Dubow ikawa ya buluu na Rukiyo akapiga ukelele uliomfikia Sheikh Kulow msikitini.

Alikuja mbio, viatu mkononi, bila chetezo. Alimwangalia mtoto mara moja tu.

"Basi, moshi hapana," alisema taratibu. "Ulisema kweli, binti."

Alisoma kwa sauti, kiganja chake juu ya pipa. Debe lilitetemeka, likagonga kingo kama kitu kinachotaka kutoka. Dagane, meno yakigongana, aliambiwa alinyanyue, na maji yakamiminwa kwenye debe la mafuta la kubebea, likafungwa kwa kitambaa. Dubow alivuta pumzi moja, ikaingia. Ikatoka.

"Maji haya yapelekwe kwenye ardhi ya chumvi, asikokunywa mtu wala mnyama," alisema Sheikh. "Yamwagwe yote. Mimi siwezi kuacha kusoma."

Rukiyo naye alikuwa ameshikwa na mkono wa Dubow. "Hooyo, nenda wewe. Umesikia? Yote."

"Nimesikia," alisema Hawo, akajitwika debe.

Daktari alirudi akakuta pipa limekauka, akafoka hadi wagonjwa wakaziba masikio. Kisha akaweka kipimo chake kifuani mwa Dubow, akasikiliza mbele, akasikiliza nyuma, asisikie mluzi wowote. Siku chache baadaye alisema vidonge vimefanya kazi. Sheikh alisema ni kisomo. Dagane alimnong'oneza Rukiyo kwamba alikuwa amemsikia daktari akimuuliza mwenye orodha ya vidonge, akajibiwa: Dubow alikuwa akila chokaa.

Rukiyo hakutaka kubishana na yeyote. Alimbeba mdogo wake mgongoni hadi nyumbani, na njiani mtoto aliimba, wimbo mzima, bila kukatika.

Hawo aliwapokea kwa vigelegele, akamkamulia Dubow maziwa ya mbuzi mweupe aliyetengewa yeye, akayafunika. Rukiyo alikuwa akifungua mzigo aliposikia mluzi zizini. Mbuzi mweupe alikuwa amesimama peke yake, shingo imenyooka, mbavu zikipanda na kushuka.

"Hooyo. Yale maji uliyamwaga wapi?"

Hawo aliinamisha macho. Mwanamke huyu hata maji ya udhu aliyakinga awape wanambuzi.

"Debe zima, Rukiyo? Mwaka huu? Alikuwa anakufa kiu, mbuzi wa mtoto."

Rukiyo alikimbilia ndani. Dubow alikuwa ameketi mkekani, mdomo una povu jeupe la maziwa, anatabasamu. Mbele yake chombo cha maziwa kilikuwa kimerudishiwa kifuniko.

Kifuniko kilipanda polepole, kikakaa juu kidogo, kikashuka. Ndani kikakohoa kitu, mara mbili.

Rukiyo na Dubow walingoja lile neno lililobaki.