Mbao Ambazo Hazikuoga

Asubuhi hiyo, Mwalimu wa kemia alifika kwa wifi yake na ndoo, brashi ngumu na mfuko wa asidi ya unga ya kutolea madoa ya mbao. Kaka yake, seremala, alikuwa na miezi miwili kaburini. Kibaraza alichokiacha nusu kilimaliziwa na mafundi wengine, na mvua ya kwanza tu, mbao za paa zikadondosha maji ya rangi ya chai kwenye saruji nyeupe.

Seremala alikuwa na mwiko wake: mbao mpya zioge mvua tatu ndipo zipigiliwe, zimalize rangi yao hukohuko nje. Mkewe alichoka kungoja.

"Ni mbao hizo au bibi harusi, kila siku zaogeshwa?"

Seremala akacheka, akapanda kuzipigilia. Ngazi ikateleza.

"Ni tanini, wifi," Mwalimu alisema sasa. "Mti unachuja kama majani ya chai."

"Na chai ina miguu?"

Mwalimu akainama. Nyayo tano, kutoka pale ngazi ilipoangukia, zikielekea mlangoni. Za kushoto hazikuwa na kidole gumba. Cha kaka yake kilinyofolewa na tezo, shoka la kuchongea mbao, akiwa bado anajifunza kazi.

"Kila siku hatua moja," mjane alinong'ona. "Zimebaki mbili. Nakuomba, usimfute."

Kizingitini palikuwa na ndala za kiume, zimepangwa vizuri.

Lakini Mwalimu alikuwa na shahada, na shahada haipendi kuaibishwa mbele ya watu. Akavaa glavu, akakoroga unga kwa maji ya uvuguvugu, akamwaga, akangoja, akasugua. Nyayo zikafifia moja baada ya nyingine. Akasuuza. Saruji ilipokauka akaipaka dawa ya kuzuia maji, akafunga na mfereji wa bati chini ya paa, tone lisidondoke tena. Kazi ya mia kwa mia. Mjane alimtazama muda wote huo kama mtu anayetazama maiti ikioshwa.

Mwalimu akalala hapo. Mvua haikunyesha.

Kulipokucha alitoka wa kwanza. Saruji nyeupe. Kavu. Ila hatua mbili kutoka mlangoni, unyayo mmoja. Mbichi. Hauna kidole gumba.

Kisigino kimeelekea mlangoni. Vidole vimeelekea getini.

"Wifi?" sauti ya mjane ilitoka ndani. "Amefika?"

Mwalimu akaukanyaga, akasimama juu yake.

"Bado," akasema. Ni yeye aliyemfuta ndugu yake mwenyewe.

Asidi haikuutoa unyayo ule, wala msasa. Aliufunika kwa chungu cha maua. Mjane bado huacha mlango wazi. Na kila Mwalimu akija, akakisogeza chungu afagie, saruji chini yake huwa imelowa, na vidole vinne vimezama ndani kidogo, kama vya mtu aliyesimama muda mrefu akingoja aitwe.