Nyeupe ya Shangazi Saadiya

Kila Jumapili asubuhi, kabla mikokoteni ya Kariakoo haijaanza kupigana vikumbo, shangazi Saadiya hutoa kigoda barazani, huweka kopo la maji miguuni na kuanza kupaka rangi. Siku za kazi yeye ni msanifu majengo, anachora maghorofa kwa kompyuta ofisini kwao Posta. Jumapili ni ya rangi za maji. Dalia, mtoto wa kaka yake, kazi yake ni kubadilisha maji yakichafuka na kukaa kimya, na kukaa kimya hakumpi tabu. Ana haya tangu mdogo.

Jumapili hiyo shangazi alichora nyumba nyeupe ya ng'ambo ya barabara, ya Bibi Severa, muuza ndoo na mabeseni ya jumla, na Bibi mwenyewe amekaa mlangoni, kilemba cheupe kichwani. Bibi alikuwa anahamia Kibamba mchana huohuo. Nyumba ilishauzwa, na ghorofa litakalosimama pale kalichora shangazi mwenyewe. Bibi alimtania kwamba mkono mmoja unambomolea, mwingine unamchora. Lakini picha aliisubiri kwa hamu, akaitundike sebuleni mwa nyumba yake mpya.

Picha ilipokwisha, shangazi aliiacha mezani ikauke, akaenda Feri kununua samaki wa chakula cha kuagana. Evelyn, mjukuu wa Bibi Severa na rafiki wa Dalia, akaingia kuichungulia.

"Mbona ukuta na kilemba cha bibi havina rangi?" akauliza. "Shangazi yako kasahau. Wageni wakija Kibamba si watatucheka?"

Bibi akamwita kutoka ng'ambo akafunge mizigo, Evelyn akatoka mbio. Dalia akabaki anaitazama picha. Kweli, ukuta ulikuwa karatasi tupu. Akafungua kisanduku cha rangi. Tyubu zote zilikuwa zimekamuliwa mpaka zimejikunja, isipokuwa ya nyeupe, mpya kabisa. Basi kasahau, Dalia akawaza, na akamwonea shangazi yake aibu.

Akachukua brashi, akaujaza ukuta, akakijaza na kilemba. Vilipoanza kukauka akaona alichofanya. Nyumba iliyokuwa inang'aa sasa ilikuwa kama imemwagiwa unga, na kilemba kilikuwa kimemeza paji la uso la Bibi. Akajaribu kufuta kwa ncha ya mtandio wake, ikazidi kuharibika. Akarudisha brashi mahali pake, akaenda kukaa pembeni.

Shangazi alirudi kutoka Feri akaingia pamoja na Bibi Severa kumkabidhi picha. Alipoiona hakupiga kelele. Aliuliza tu nani kaigusa.

"Evelyn ndiye katoka humu sasa hivi," Bibi akasema. "Yule mikono yake haitulii."

Evelyn akaitwa. Akaapa kwamba aliangalia tu. Bibi akamfinya sikio, akamwambia aombe radhi. Evelyn akamgeukia Dalia na kumtazama moja kwa moja. Neno moja tu lingetosha. Dalia akainamisha macho, akatazama vidole vya miguu yake. Mwishowe Evelyn akaomba radhi kwa kosa lisilo lake, ili yaishe, akatoka anajifuta machozi kwa kola ya shati.

Nje, wapagazi walianza kupakia mabeseni kwenye kirikuu, gari dogo la mizigo. Kila beseni lililogonga bodi lilimshtua Dalia. Evelyn angeondoka hivyohivyo. Akamfuata shangazi jikoni, alikokuwa anaosha brashi.

"Shangazi, ni mimi. Nilidhani umesahau kupaka nyeupe."

Shangazi akafunga bomba. "Kwenye rangi za maji nyeupe haipakwi, Dalia. Karatasi yenyewe ndiyo jua. Unapaka pembeni, pale unapaacha." Akakung'uta brashi. "Hilo hukulijua, na mimi sikukufundisha, nimekuachia kazi ya maji tu. Silihesabu kuwa kosa. Ila mwenzako alipofinywa sikio, pale ulikuwa unajua."

Dalia akainama, akaanza kukusanya brashi zilizooshwa.

"Mimi umeshaniambia," shangazi akasema, "lakini sikio lililofinywa si langu. Vuka barabara."

Akavuka. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya pili ikatoka kwa nguvu, na wapagazi wote wakageuka kumsikiliza akisema kwamba aliyeharibu picha ni yeye, na Evelyn alisingiziwa huku yeye akiona.

Bibi Severa akaweka chini beseni. Hakumgombeza. Akamvuta Evelyn kwake, akasema, "Nimekuonea, mjukuu wangu. Nisamehe." Kumsikia mtu mzima anaomba radhi kwa ajili ya kosa lake yeye Dalia kulimchoma kuliko kofi.

"Nisamehe na mimi," akamwambia Evelyn. Evelyn akamgeuzia kisogo.

Shangazi akatoa tena kigoda barazani kwake, na karatasi mpya; Evelyn akakaa kwenye ngazi ya baraza, Dalia karibu na kopo la maji. Bibi akaamuru kirikuu itangulie na mabeseni, yeye na mjukuu wake wangepanda safari ya pili. Akakaa mlangoni pake mara ya mwisho. Jua lilikuwa limehama, likipiga ukuta wa upande wa pili, kwa hiyo safari hii peupe pakawa mahali pengine.

"Dalia," shangazi akasema huku anapaka, "kutojua si dhambi. Unauliza, unafundishwa. Kunyamaza wakati mwenzako anabeba kosa lako, hiyo ndiyo aibu, na haitoki mpaka useme mwenyewe. Leo umesema. Kesho sema mapema zaidi."

Dalia akaitikia, akainuka kubadilisha maji. Aliporudi, Evelyn alikuwa amesogea, amemwachia nafasi kwenye ngazi.

"Kaa hapa," akasema, bado hamtazami. "Ila mikono yako uikalie. Pale peupe nimekuona unavyopatazama."