Saimi na Bomba la Moshi

Kila asubuhi Saimi alikula uji wa shayiri peke yake, kisha akaosha bakuli moja na kijiko kimoja. Mama yake, muuguzi, alikuwa bado kwenye zamu hospitalini. Tangu wahamie Alajärvi, mji mdogo wa Finland, mwezi wa Agosti, baada ya wazazi kuachana, maisha yao yalikuwa hivyo: mmoja akiingia, mwingine ameshatoka. Shuleni nako hakuwa na rafiki. Watu wa Alajärvi si wabaya hata kidogo, ila kuwatoa neno ni kama kuwang'oa jino.

Wiki hiyo wanafunzi wa darasa la nane walikuwa wakijifunza kazi nje ya shule. Wenzake walikwenda wawili wawili madukani na maktabani. Saimi, aliyekosa mwenza, alipelekwa kwenye karakana ya kuchomelea vyuma.

Mchomeleaji mwenyewe alikuwa roboti, ndani ya chumba chake cha vioo vyeusi. Mzee Taisto, fundi aliyeiendesha, alipanga vipande vya chuma mezani, akafunga mlango na kubonyeza kitufe. Moshi ulipanda kwenye kofia ya bati juu ya roboti, ukafyonzwa na feni kupitia bomba nene na kutolewa nje. Saimi alikaa kwenye kigoda kando ya bomba, akibandika lebo kwenye vipande vilivyopoa. Taisto alimwambia "Habari za asubuhi" alipofika, na "Haya, kesho" alipoondoka. Katikati hapakuwa na neno.

Jumanne nje kulikuwa na nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Kadiri feni ilivyovuta hewa, ndivyo baridi ilivyopenya chini ya lango kubwa na kumpanda Saimi miguuni. Alitamani kumwambia mtu. Akamtazama Taisto, lakini Taisto alikuwa amempa mgongo. Kwenye bomba, juu ya kichwa chake, palikuwa na mkono wa chuma wa njano. Akaugeuza, na upepo ukakoma.

"Si kitu," alijiambia. "Mbona feni bado inanguruma?"

Kumbe mkono ule ulikuwa umefunga kilango ndani ya bomba. Feni ilinguruma bure, na moshi ukabaki chumbani mwa roboti. Siku hiyo vyuma vilikuwa vimepakwa zinki, na ncha ya roboti iliziba mara kwa mara. Kila ilipoziba, Taisto aliingia kuisafisha.

"Moshi gani huu leo?" alinung'unika akikohoa. Lakini lori lilikuwa likisubiri mzigo, kwa hiyo akaendelea. Saimi aliukumbuka ule mkono, akaingiwa na hofu. Jioni, kabla ya kuondoka, aliurudisha mkono mahali pake kimyakimya.

Jumatano Taisto hakuja. Alikuwa kitandani, anatetemeka kwa homa. Alirudi Alhamisi, mashavu yamebonyea, na watu wote wa karakana wakaketi kunywa kahawa na mikate ya hiliki.

"Daktari anasema ni homa ya moshi wa zinki," alisema Marjut, mwenye karakana. "Nimekagua feni na chujio, vyote vizima. Sasa moshi umeupata wapi, Taisto?"

"Hapa hapa."

Jarkko, fundi kijana, akacheka. "Mzee, sema ukweli bwana! Unachomelea jiko la sauna kwako bila barakoa, halafu roboti wa watu unamsingizia!"

"Sijachomelea chochote nyumbani tangu kiangazi."

"Basi kama ni mapafu yako, siwezi kukuacha kwenye roboti," alisema Marjut. "Kuanzia Jumatatu utakaa stoo mpaka upimwe."

Taisto alikuwa na roboti ile tangu siku ilipotolewa kwenye sanduku lake, miaka kumi na mitano iliyopita. Aliinamia kikombe chake. Saimi alijua kwamba akinyamaza hakuna atakayegundua, kwani kesho ilikuwa siku yake ya mwisho. Akajikaza.

"Ni mimi." Sauti ilitoka ndogo hata Marjut akamtaka arudie. "Ni mimi niliyegeuza ule mkono wa njano. Nilisikia baridi. Halafu jioni nikaurudisha ili mtu asijue."

Hakuna aliyemfokea, na afadhali wangemfokea. Jarkko alisukuma kikombe, akatoka. Marjut akaenda kuukagua mkono. Taisto naye akainuka, akarudi kwenye roboti. Mchana kutwa Saimi alibandika lebo huku machozi yakimlengalenga. Alikuwa ameuzoea upweke, lakini huu wa siku hiyo ulimzidi nguvu.

Saa tisa Taisto alisimamisha roboti, akamwita. Alimpa kipande cha karatasi akishike chini ya kofia ya bati. Karatasi ikavutwa juu. Taisto akageuza mkono wa njano, karatasi ikalegea.

"Umeona? Ngurumo ya feni haikwambii kitu. Hewa isipopita, moshi hauondoki. Na mimi niliuona Jumanne nikaendelea na kazi. Hilo kosa langu."

"Nisamehe, mzee Taisto."

"Nimeshakusamehe. Ila hebu niambie, kwa nini hukusema una baridi?"

"Hapakuwa na mtu wa kumwambia."

Taisto alipima kwa macho nafasi kati ya kigoda na mahali anaposimama yeye siku zote. Zilikuwa hatua tatu tu.

Kesho yake Marjut aliutia mkono wa njano kufuli, na fundi umeme akairekebisha roboti isiweze kuwaka kama hewa haipiti bombani. Habari ya stoo haikutajwa tena.

"Sikiliza, Saimi," alisema Taisto. "Usichokijua, uliza kabla ya kukigusa. Kuuliza si ujinga. Na ukikosea, sema mapema, maana moshi ukiingia kifuani mwa mtu hausubiri wewe upate ujasiri. Umechelewa kusema, lakini umesema wakati ungeweza kunyamaza. Watu wazima wengi hilo linawashinda. Na sisi hapa tumejifunza letu: mtu haachwi akae peke yake wiki nzima kama mzigo wa stoo."

Akavuta sanduku tupu, akaketi karibu naye.

"Haya, binti. Kabla ya kuja huku mlikuwa mnaishi wapi?"

Tangu Agosti hakuna aliyewahi kumuuliza. Saimi akaanza kumsimulia, na Taisto akasikiliza mpaka mwisho.