Niliitika Jina la Marehemu Kwenye Mkutano Mkuu

"Mwanamvua Mwishehe, Bagamoyo."

Ukumbi kimya.

"Mwanamvua Mwishehe yupo?"

Katibu wetu wa wilaya akanigusa kiwiko. "Itika," akanong'ona.

Nikainua mkono.

"Nipo."

Karani akaweka alama kwenye orodha, akaendelea na jina linalofuata.

Jamani, mimi siitwi Mwanamvua. Naitwa Vaileth, mama Clever, wa Kerege. Bi Mwanamvua tulimzika Kaole siku ishirini na tatu kabla ya asubuhi ile. Nilikaa kwenye mkeka wa wanawake nikamlilia mpaka sauti ikakauka.

Na sasa nilikuwa nimeitika jina lake.

Ngoja niwaeleze nilifikaje pale. Najua wengine mtanisema, nimejiandaa.

Bi Mwanamvua ndiye aliyenishikia mwanangu nilipokuwa nasoma masomo ya jioni. Miaka miwili. Mimi ndani na daftari, yeye benchi la nje, Clever kalala mapajani kwake. Nikitoka ananiuliza leo mmefundishwa nini, na mtoto hanipi mpaka nimweleze nikaeleweka. Kile cheti changu cha kidato cha nne, nusu ni chake.

Ndiye aliyeniingiza kwenye chama pia. Uchaguzi wa wilaya tuligombea wote ujumbe wa mkutano mkuu wa taifa, nafasi moja ya wanawake. Akashinda yeye. Mimi, Katibu Sixbert alinivuta pembeni.

"Mama Clever, kura zako nisikutajie. Utalia."

Nikaamini. Sikuuliza.

Wiki aliyofariki, presha ikiwa imempanda, Bi Mwanamvua alinitumia ujumbe wa sauti. Anahema kati ya neno na neno.

"Vaileth mwanangu... nguo ya mkutano... umeshashona?"

Nikajua ni ugonjwa unaongea. Mimi wa kushona nguo ya mkutano gani? Nikasema nitamjibu nikimaliza kumwogesha mtoto.

Kesho yake asubuhi nikapigiwa simu ya msiba.

Mkutano mkuu mwaka huu ulifanyika hapahapa kwetu, Bagamoyo mjini. Siku tatu kabla, Sixbert akaja nyumbani na kitambulisho cha mjumbe, kina kamba ya kijani.

"Makao makuu wameshachapa. Kubadilisha jina ni vikao, na muda hakuna. Ingia nacho hivihivi."

"Katibu, kina picha yake."

"Kigeuze. Nani anaangalia picha?"

"Na ikijulikana?"

"Itajulikanaje? Aliyekufa atakuja kulalamika?" Akacheka peke yake. "Kura unampa mtu wetu, nitakuonyesha. Baada ya hapo kuna nafasi ya karani pale ofisini. Wewe na cheti chako utauza maandazi mpaka lini?"

Hapo ndipo aliponimaliza. Nikamtazama Clever anakokota kopo lake uani, suruali imemfupia...

Nikakipokea.

Sasa kile kitambulisho, wapendwa, kilikuwa na tabia yake. Nakigeuza, kinajigeuza. Nikikaa, kimegeuka. Nikisimama kwa wimbo wa chama, kimegeuka. Bi Mwanamvua kifuani kwangu, na mtandio wake wa zambarau, anawatazama watu. Nikawa nakibana kwa kiganja kama mwenye maumivu ya moyo.

Mara mama mmoja akanishika bega. Alikuwa amesikia nilivyoitika.

"Mwanamvua! Mimi Nasrin wa Pangani, wa kwenye grupu la WhatsApp la wajumbe. Umetunyamazia karibu mwezi! Mbona sauti yako leo si ile ya simuni?"

"Mafua," nikasema.

"Pole. Na yule binti yako wa masomo ya jioni, uliyekuwa unatuchosha kwa kumsifia? Hajambo?"

Binti huyo ni mimi.

"Hajambo," nikajibu.

Nilijijibia mwenyewe, kwa kinywa cha marehemu.

Saa nne ikawa chai. Nimesimama kwenye foleni, nikasikia naitwa jina langu.

"Dada Vaileth?"

Ni Fatu. Binti wa Bi Mwanamvua, kaajiriwa na wapishi kumimina chai. Birika mkononi. Hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama kifuani.

"Mbona umemvaa mama?"

Nikakosa pa kuficha mikono. Nikamvuta hadi nyuma ya meza.

"Fatu, nisamehe. Katibu kasema hakuna muda wa vikao vya kubadilisha jina..."

"Vikao vya nini? Wewe si ulikuwa wa pili?"

"Wa pili wapi?"

"Kwenye uchaguzi. Mama alikuwepo kura zikihesabiwa. Ulipitwa kura nne. Wa pili ndiye mjumbe wa akiba, hata kikao hakihitajiki. Mama alikuwa anasema, mimi mgonjwa, nikishindwa Vaileth anaingia. Alidhani Katibu ameshakuambia." Akafuta jicho kwa bega, maana birika hakuliweka chini. "Si alikuuliza hata nguo kama umeshona?"

Nguo ya mkutano.

Ujumbe ule haukuwa ugonjwa, jamani. Mimi ndiye sikuelewa, na mimi ndiye sikumjibu.

Tukarudi ukumbini kumchagua mwenyekiti wa taifa. Kila mjumbe anaitwa jina, anaenda mbele kuchukua karatasi ya kura. Sixbert akanionyesha kidole kimoja chini ya meza: mgombea namba moja.

"Mwanamvua Mwishehe, Bagamoyo."

Nikasimama. Kitambulisho kimegeuka tena. Safari hii nilikiacha.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, Mwanamvua Mwishehe amefariki. Mimi ni Vaileth Gaspari. Naomba matokeo ya wilaya yangu yasomwe."

Minong'ono ikapanda. Nasrin wa Pangani akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Sixbert naye akasimama, anatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mheshimiwa, hata mimi nimeshtuka. Huyu mama amenidanganya."

Ananisema hivyo huku kiti chake kimegusana na changu.

Faili likaletwa. Mzee wa kamati ya uhakiki akavaa miwani, akasoma polepole: "Wa pili, Vaileth Gaspari. Mjumbe wa akiba."

Nikajua Mungu kanitetea.

Yule mzee akafunga faili.

"Kiti kilikuwa chako, mama. Lakini asubuhi umeitika jina la marehemu. Siwezi kukuacha ndani. Toka, tafadhali."

Nikatoka. Sixbert pia akaitwa nje kuhojiwa. Tukakutana getini.

"Katibu, kwa nini ulinificha?"

"Ungeingia kwa jina lako, ungempa nani kura?"

Nikaitazama picha ya Bi Mwanamvua kifuani.

"Ndiyo maana," akasema, akaondoka na wanakamati.

Nikakivua kitambulisho nikampa Fatu. Akakipangusa kwa kanga, akakitia kifuani. Tukabaki tumesimama, vipaza sauti vya nje vinatuletea kila kitu.

"Bagamoyo. Mwanamvua Mwishehe, marehemu. Mjumbe wa akiba, Vaileth Gaspari..."

Ni utaratibu wa orodha tu. Wanasubiri.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza jina langu kuitwa katika ukumbi ule.

"Nipo," nikasema, pale getini. Fatu tu ndiye aliyenisikia.

"Hayupo," kipaza sauti kikasema. Wakaendelea na wilaya nyingine.

Mwenzenu nimejifunza kwa aibu. Mtu akikuletea kitu kwa siri na kukuambia nyamaza, usikimbilie kushukuru. Nenda kwanza kaulize, huenda ni chako, na anakupa kama cha wizi ili akumiliki. Mimi nilishindwa kuuliza swali moja tu: nilipata kura ngapi?

Nafasi ya karani sikupewa, bado nauza maandazi. Lakini uchaguzi wa wilaya ukirudi, nagombea, na safari hii nitakaa pale kura zikihesabiwa. Fatu amesema Clever atamshika yeye.

Nguo ipo tayari. Zambarau.

Juzi nikaufungua ule ujumbe wa sauti, nikaujibu: "Nimeshashona, mama."

Una tiki moja tu, ya kijivu; haujafika. Naufungua kila siku kuutazama.