Nani Ashike Ufunguo wa Bustani?

Kila asubuhi alipokuwa nyumbani, Ruqiya alifanya jambo moja lililomchekesha mumewe. Aliosha mchele wa mchana. Yale maji meupe hakuyamwaga. Aliyatia katika kidumu, akajitanda shuka, akatoka.

"Unapeleka wapi hayo maji?" Kulow, mumewe, aliuliza.

"Kwa mama," Ruqiya alijibu.

Mama yake Ruqiya alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Lakini Kulow alijua maana ya jibu hilo. Marehemu aliacha asumini moja. Aliibeba mwenyewe kutoka Liboi, ndani ya kopo la maziwa ya unga, akiwa amelipakata njia nzima. Sasa asumini hiyo ilikuwa imekua. Ilipochanua, Ruqiya alisimama karibu nayo akanusa. Alihisi kama mama yake amepita hapo sasa hivi.

Asumini haikuwa nyumbani. Nyumbani Habaswein kuna mbuzi, na mbuzi hawana adabu. Ua lolote wangelimaliza kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana wanawake ishirini na wanne walianzisha Chama cha Wapenda Maua. Hawakuuza maua. Waliyapenda tu. Watu wengine wana mpira wa miguu, wao wana maua. Walipewa kiwanja kidogo nyuma ya ukumbi wa umma. Wakakizungushia seng'enge, wakaweka tangi la maji na geti la chuma. Kila mwanachama alipanga makopo yake humo, na kila kopo liliandikwa jina la mwenyewe kwa rangi.

Chama kilikuwa na viongozi watatu: mwenyekiti, makamu wake na katibu. Waliwachaguaje? Hapa nitasema ukweli, hata kama kuna atakayenuna. Waligawana viti kwa koo. Ukoo huu kiti kimoja, ule kiti kimoja, na mwingine kiti kimoja. Uchaguzi wote ulikwisha kabla chai haijachemka.

Hinda alipewa uenyekiti. Alikuwa mkarimu na mwenye heshima, lakini nusu ya mwaka aliishi Nairobi. Ayan alikuwa makamu. Duka lake liko Liboi, na Habaswein alionekana wakati wa harusi. Katibu alikuwa Ruweyda, binamu yake Ruqiya. Ruweyda hakupenda kuandika hata kidogo. Ruqiya alinyoosha mkono mara tatu, akawachagua wote watatu.

Mwezi wa Februari kiangazi kilikuwa kikali. Upepo ulikuwa wa moto. Siku moja mtoto wa Hinda aliugua ghafla. Hinda akambeba, akapanda basi la Nairobi. Alikuwa na hofu, na nani asingekuwa nayo? Kila akisafiri aliuacha ufunguo wa bustani kwa mwanachama mmojawapo, lakini safari hii ulibaki ndani ya mkoba wake. Haukuwepo mwingine.

Asubuhi iliyofuata Ruqiya alikuta geti limefungwa. Akampigia Hinda simu. Simu ilikuwa imezimwa. Akampigia Ruweyda.

"Una namba nyingine ya Hinda? Ya dada yake, au ya mumewe?"

"Sikuandika, walaal, dada yangu," Ruweyda alisema. "Hakuna mtu aliniambia niandike."

Ruqiya alimwendea Jelle, mlinzi wa ukumbi.

"Jelle, tuvunjie hii kufuli."

"Hii kufuli si yangu, mama. Mwenyekiti wenu akisema, mimi navunja. Asiposema, sigusi."

Ayan alipigiwa simu Liboi. Akasema hataki kuingilia mambo ya Hinda. Wanachama nao waliogopa. Kuvunja kufuli ya Hinda ni kuwatukana watu wa Hinda, walisema. Tusubiri wazee wa pande zote wazungumze. Basi wazee wakangojwa, na maua nayo yakangoja. Siku tisa zilipita. Kila siku Ruqiya alishika seng'enge na kuitazama asumini yake kwa mbali. Majani yalikuwa yananyong'onyea. Yeye alikuwa na maji mkononi, na hakuweza kufika.

Siku ya kumi Hinda alipatikana. Mtoto alikuwa ametoka katika hatari. Hinda alilia kwenye simu, akaomba msamaha, na siku hiyo hiyo akatuma ufunguo kwa basi. Pia alisema anajiuzulu.

Geti likafunguliwa. Ruqiya alikimbia hadi kwenye asumini. Akavunja kijiti kimoja. Kilikuwa kikavu hadi ndani. Akavunja kingine. Hakukuwa na kijani popote. Ruqiya akaketi chini, akalia mbele ya watu wote, bila aibu.

Alipoinua kichwa aliona jambo la ajabu. Makopo yaliyokuwa kando ya seng'enge ya nyuma, mbali na geti, yalikuwa mabichi kabisa.

"Nani alimwagilia haya?" aliuliza.

"Ni mimi," alisema Ugbad.

Ugbad, mwanachama mwenzao, alikaanga sambusa kibandani, upande wa pili wa seng'enge hiyo. Watu wa ukoo wake pale mjini walihesabika kwa vidole. Hakuna aliyewahi kumtaja kwa kiti chochote.

"Nilipitisha mpira wa maji kwenye tundu la seng'enge," Ugbad alieleza. "Kule katikati haukufika."

"Kwa hiyo umeokoa ya kwako," Ruqiya alisema kwa uchungu.

Ugbad alirudi kwenye kibanda chake.

Uchaguzi mpya ulipangwa baada ya wiki mbili. Jioni moja Adeer Dagane, baba mdogo wa Ruqiya, alifika nyumbani kwao. Alikunywa chai ya maziwa, akafuta ndevu.

"Ruqiya, safari hii kiti ya mwenyekiti ni yetu," alisema. "Watu wanakuhurumia. Wewe ndio umeumia kuliko wote. Simama, utapata."

Ruqiya alitamani sana. Moyoni alisema, nikiwa na ufunguo mimi, hakuna ua litakalokufa tena. Kesho yake akaenda kumwomba kura jirani yake, Darare.

Darare alikuwa Mborana na mwanachama kama yeye. Alifanya kazi miaka mingi ofisini Wajir, akisaidia vikundi kuandika katiba na kuchagua viongozi. Siku hizi alikuwa amestaafu. Wengi walimwita Mama Golicha.

"Mama Golicha, nataka kura yako," Ruqiya alisema.

"Karibu, keti kwanza. Niambie, kwa nini nikupe?"

"Asumini yangu imekufa. Na ni zamu yetu."

"Pole sana kwa asumini. Mama yako nilimjua, na hilo ua nililijua." Darare alimshika mkono. "Lakini nikuulize. Kulow akitafuta dereva wa pikapu yake, anauliza nini?"

"Kama ana leseni. Kama anajua barabara ya Wajir wakati wa mvua. Kama hasinzii akiendesha."

"Haulizi ukoo?"

Ruqiya akatabasamu. "Anauliza kidogo."

Wote wawili wakacheka.

"Lakini asiye na leseni hampi gari," Darare alisema.

"Hampi! Hata akiwa mpwa wake."

"Basi, hata chama ni hivyo. Nyinyi mlianza na majina, mkasahau kazi. Anza na kazi. Mwenyekiti wetu ana kazi gani?"

Ruqiya alifikiri. "Afungue geti. Agawe zamu za maji sawasawa. Aitishe mkutano. Kukiwa na shida, aamue mapema."

"Vizuri. Mtu wa kazi hizo awe vipi?"

"Awe anaishi hapa mjini. Simu yake ipatikane. Asipendelee." Ruqiya alianza kuchangamka. "Tena akiambiwa amekosea, asikasirike."

"Umeona? Unajua mwenyewe, hukuhitaji mimi. Na katibu?"

"Ajue kuandika. Na apende kuandika! Awe na namba zetu zote."

"Haya. Sasa wewe, Ruqiya. Kila mwezi unakwenda Wajir kumuuguza mama mkwe wako, sivyo?"

"Ndiyo. Siku kumi, wakati mwingine kumi na tano."

"Ukiwa Wajir, ufunguo utakuwa wapi?"

Ruqiya alitazama mkoba wake uliokuwa pajani.

"Humu," alisema kwa sauti ndogo.

"Hinda si mtu mbaya," Darare alisema. "Mtoto akiugua, mama gani atakumbuka ufunguo? Hata wewe si mtu mbaya. Mtu anaweza kuwa mwema, na kazi ile isimfae kwa sasa. Huruma tutakupa bila kiti."

Kisha Darare akauliza, "Yale makopo ya kando ya seng'enge, uliyasoma majina?"

"Si ni ya Ugbad?"

"Nenda ukasome."

Ruqiya alikwenda bustanini peke yake. Akasoma makopo ya kando ya seng'enge moja baada ya jingine. Hinda. Gumato. Ruweyda. Hinda tena. Mama Golicha. Jina la Ugbad halikuwepo. Alilitafuta mpaka akafika katikati. Hapo, karibu na asumini yake, palikuwa na makopo mawili ya Ugbad. Maua yake yote mawili yalikuwa yamekauka.

Siku zote tisa Ugbad alimwagilia maua ya wengine, na ya kwake akayaona yakifa.

Ruqiya aliona aibu kubwa. Alikwenda moja kwa moja hadi kibandani.

"Ugbad, nisamehe. Nilisema neno baya."

"Ulikuwa na uchungu, walaal," Ugbad alisema. Akamfungia sambusa mbili katika karatasi. "Chukua hizi, zingali za moto."

Siku ya uchaguzi ilifika. Wanachama walikaa kwenye mikeka ndani ya ukumbi. Walizungumza Kiswahili, kwa sababu wengine walikuwa Wasomali, wengine Waborana, na wengine walimu waliotoka mbali. Kwanza Darare aliwaomba wataje kazi za kila kiti. Majina yakasubiri. Mwanachama mmoja akamwita Ruqiya asimame agombee.

Ruqiya alisimama. "Nawashukuru. Lakini mimi nusu ya mwezi niko Wajir. Mkinichagua, mtashika seng'enge tena kama mwaka huu. Mimi nampendekeza Ugbad."

Ukumbi ulivuma kwa maneno.

"Ugbad hajui kusoma!" mmoja alisema.

"Geti linasomwa?" mwingine alijibu, na watu wakacheka.

Darare alinyanyua mkono. "Swali hilo ni zuri, msilicheke. Katibu lazima ajue kusoma na kuandika. Mwenyekiti wetu, katibu anaweza kumsomea. Amsomee kumbukumbu mbele ya wote, ili mwenyekiti aseme kama zimeandikwa sawa. Sasa muulizeni mgombea maswali."

"Ugbad, ukisafiri utafanya nini?"

"Nitampa makamu ufunguo kabla sijapanda gari."

"Na ukikosea?"

Ugbad alisita kidogo. "Mniambie. Hata juzi nilikosea. Ningesema mapema tuvunje hiyo kufuli. Niliona maua yanakufa, nikanyamaza. Niliogopa kwamba watu wetu ni wachache, nani atanisikiliza?"

Hakuna aliyecheka sasa. Ruqiya alihisi machozi yakimlengalenga.

Kwa ukatibu alipendekezwa Gumato, muuguzi wa zahanati. Huyo alikuwa na daftari hata la siku za kuzaliwa za paka wake. Ruweyda alifurahi kuliko wote. "Alhamdulillah! Chukueni kalamu yenu!"

Majina mengine yakaongezwa, la Darare likiwemo kwa umakamu. Kila mgombea aliwekewa kopo nyuma ya pazia, na juu yake jani la ua alipendalo, ili hata asiyesoma asikosee. Kila mwanachama alipewa kokwa moja ya tende kwa kila kiti. Aliingia peke yake, akaitumbukiza anapotaka. Hakuna shangazi aliyetazama mkono wa mtu. Kokwa zilimwagwa mbele ya wote zikahesabiwa. Ugbad alipata kumi na tisa kati ya ishirini na tatu, maana Hinda alikuwa bado Nairobi. Gumato akawa katibu, na Darare akawa makamu.

Kabla ya kutoka walikubaliana mambo matatu. Funguo ziwe tatu, na mmoja ukae kwa Jelle. Kiongozi akisafiri zaidi ya siku mbili, akabidhi kazi yake. Na kila mwaka wachague upya.

Nyumbani, Adeer Dagane alikuwa amenuna.

"Umetupa kiti yetu, Ruqiya."

"Adeer, mpaka juzi tulikuwa na kiti ya katibu. Ilisaidia asumini ya mama?"

Mzee alifuta ndevu, akasema, "Haya, leta chai."

Kiangazi cha mwaka uliofuata kilikuwa kikali vilevile. Ugbad alisafiri siku tano kwa msiba. Kabla ya kupanda gari alimpa Darare ufunguo, na Gumato akabandika zamu za maji kwenye geti. Hakuna ua lililokufa.

Mwezi huo huo Hinda alirudi kutoka Nairobi. Mtoto wake alikuwa amepona na alikimbia huku na huku. Hinda alikuwa amebeba kopo la maziwa ya unga, na ndani yake mche mbichi.

"Ruqiya, unakumbuka uliwahi kunikatia kijiti cha asumini yako?" alisema. "Nilikipanda barazani kwangu Eastleigh, kule Nairobi. Kikashika. Hii ni ya mama yako."

Ruqiya alilishika lile kopo kwa mikono miwili. Akamkumbatia Hinda.

Waliingia bustanini pamoja. Hinda akasita.

"Tuiweke kando ya seng'enge? Pale mpira unapofika?"

"Hapana," Ruqiya alisema. "Iweke katikati, pale pale pa zamani. Siku hizi geti linafunguliwa."

Asubuhi iliyofuata Ruqiya aliosha mchele. Akachukua kidumu, akajitanda shuka.

"Unapeleka wapi hayo maji?" Kulow aliuliza.

"Kwa mama," Ruqiya alijibu, akatoka.