Mwongozaji Asiyekuwa Kwenye Orodha

Mmeniganda kama kupe tangu juzi, nisimulie habari ya fundi friji na ndege zake. Haya. Lakini atakayekosa usingizi asije kunigongea mlango.

Fundi friji hajawahi kupanda ndege. Alirusha za kwenye kompyuta, chumbani, na usukani wa plastiki na vipokea sauti masikioni, mtu mzima na ndevu zake. Alijiunga na wenye wazimu kama wake: wengine marubani, wengine waongozaji wa kuwaelekeza angani, kila mmoja nyumbani kwake, wakiongea moja kwa moja kama walio uwanjani kweli. Sharti lao: mwongozaji akitoa agizo, rubani alirudie neno kwa neno.

Jumapili mchana mkewe alimwachia binti yao wa miaka sita, ana homa, amelazwa kwenye godoro chumbani humo.

"Mpe maji kila mara. Na hilo lidude lako uliache kama lilivyo."

"Nimekusikia, mke wangu."

Alisikia wapi! Mlango ulifungwa, yeye akawasha.

Orodha ya waongozaji ilikuwa tupu. Akaita hivyo hivyo, kwa mazoea. Akajibiwa.

"Nakuona. Shuka."

Sauti nzuri, ya taratibu, ila haikuvuta pumzi. Chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua. Mwenye akili angezima. Yeye alikuwa na uchu, wiki nzima hajapata wa kumwongoza.

"Nashuka."

"Geuka kushoto."

"Nageuka kushoto."

"Mtoto yuko kulia kwako. Niachie."

"Mtoto yuko kulia kwangu. Nakuachia."

Mdomo ulishamaliza ndipo akili ikafika. Akageuka, na pale kwenye godoro binti alikuwa amekaa wima, macho wazi, hapepesi, na kifuani mwake mlikuwa mkinguruma injini iliyo mbali, ikija.

Mkewe aliporudi hakupiga kelele. Alinong'ona tu, "Umemfanya nini mwanangu?" Kisha akakimbia kumwita mganga wa mtaa wa pili.

Mganga, mwanamke mfupi, alinusa akiwa mlangoni, akakataa kiti, akamsikiliza fundi mpaka mwisho.

"Umempa kwa mdomo wako mwenyewe. Katika mchezo wenu, rubani hana neno la kukataa?"

"Lipo. 'Siwezi.'"

"Umewahi kulisema?"

Fundi akatikisa kichwa.

"Leo utalisema."

Fundi akavaa vipokea sauti, akasema siwezi, akasema tena na tena, huku sauti ile ikirudia agizo lake bila kuchoka wala kupanda, na miguu ya binti ikizidi kuwa baridi mikononi mwa mama yake, na mganga akisoma dua zake mpaka jasho likamlowesha kilemba, hadi ndani ya masikio ya fundi kukawa kimya.

"Nitamrudisha," sauti ikasema. "Ila wewe hutamsikia tena."

Fundi akamgeukia binti.

"Amesema nini?" mkewe akamtikisa bega. "Lirudie, bwana! Anapoa huyu!"

"Utamrudisha," fundi akalia. "Mimi sitamsikia tena."

Harufu ikaondoka. Binti akaomba maji, akanywa vikombe viwili.

Alipona, na sasa ana mdomo kuliko mimi. Fundi husikia friji mbovu nyumba ya tatu, husikia hata mende kabatini. Binti yake akisimama mbele yake akamwita baba, yeye huona midomo tu.